Redio Inenayo Ikipigwa Kofi, na Uchaguzi wa Chuma cha Kulehemu

Katika nyumba nyingi za Kenya imo redio isiyonena mpaka ipigwe kofi. Mwenyewe amekwisha kuizoea tabia yake. Taarifa ya habari ikikatika katikati, huinuka, akaigonga ubavuni, nayo ikaendelea kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Hata watoto wa nyumba hujua ni mahali gani hasa pa kugonga. Lakini ndani ya redio hiyo hamna shetani, wala betri hazikuchoka. Mara nyingi sababu ni kiungo kimoja kidogo, kisichozidi punje ya mtama, ambapo waya iliwekwa juu ya shaba na lehemu ikaganda bila ya kushikamana nayo. Ikigongwa, vyuma hugusana. Lori likipita barabarani, huachana.

Kiungo kama hicho chaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye macho mazuri, mkono uliotulia, na vyombo vichache viwezavyo kuenea ndani ya mkebe wa biskuti. Wako makarani wafanyao kazi hiyo jioni baada ya kutoka ofisini, na wako wakulima walioanza kwa kutengeneza taa zao za nguvu za jua, kisha wakaendelea mpaka kuunda vikuza sauti vyao wenyewe. Lakini wako pia wengi ambao jaribio lao la kwanza liliiua kabisa redio iliyokuwa na ugonjwa mdogo tu. Mtu wa namna hiyo hudhani kwamba hana kipaji. Pengine kipaji anacho. Aliponunua vyombo ndipo alipokosea.

Vitu vinunuliwavyo ni viwili vikubwa: chuma cha kulehemu, na lehemu yenyewe. Wanunuzi wengi hukifikiria sana kile cha kwanza, na hiki cha pili hukichukua chochote wapewacho dukani. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa hiyo yafaa lehemu itangulie kusemwa.

Kulehemu si kazi ngeni katika nchi hii. Fundi bati atengenezaye taa za koroboi huweka kichwa cha shaba katika makaa mpaka kipate moto sawasawa. Kisha hupaka mahali pa kuunga dawa kali, ambayo ni asidi iliyotiwa vipande vya zinki mpaka ikaacha kuchemka, halafu huyeyusha lehemu juu yake. Kazi yake ni nzuri, maana taa haivuji mafuta. Kijana aliyekulia karibu na karakana kama hiyo huona kwamba njia ni ile ile, akaenda kuomba chupa ndogo ya dawa hiyo ili atengeneze redio.

Tofauti iko katika mabaki. Koroboi huoshwa kwa maji baada ya kazi, na hata ikibaki asidi kidogo, bati ni nene na mshono ni mmoja. Kibao cha redio kina viungo kwa mamia, na vijia vya shaba vilivyomo ni vyembamba kuliko karatasi. Dawa ya fundi bati hujipenyeza chini ya vipande ambako hapaoshwi, ikakaa ikivuta unyevu wa hewa. Siku ya kwanza redio hulia vizuri, na mwenyewe hujisifu. Baada ya muda, hasa wakati wa mvua, kutu ya kijani huanza kuila shaba, na umeme hupita katika unyevu huo kutoka kijia hadi kijia mahali pasipotakiwa. Ugonjwa wa namna hiyo hautibiki kwa kofi. Basi dawa yoyote ya asidi, hata ikiwa imefungwa katika kopo zuri la mafundi wa mabomba, isifike kamwe kwenye kibao cha redio.

Lehemu ya kazi ya redio ni waya laini wenye tundu katikati kama mwanzi, na ndani ya tundu hilo umetiwa ulimbo utokanao na miti ya misonobari. Shaba ikikaa katika hewa huvaa utando mwembamba, na lehemu haishiki juu ya utando huo. Ulimbo ukipata moto huyeyuka na kuusafisha, na lehemu hufuata nyuma yake mara moja. Ukipoa huwa mgumu tena, wala hauli shaba, na ndiyo maana waweza kuachwa pale pale bila ya madhara. Huo moshi mweupe wenye harufu uonekanao mtu anapolehemu ni wa ulimbo.

Kuhusu lehemu yenyewe, ile ya desturi ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati tupu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 232 za Sentigredi, na risasi tupu kwenye nyuzi 327. Mtu angetazamia kwamba mchanganyiko wake utayeyuka mahali fulani baina ya hizo mbili, lakini sivyo. Ukichanganya sehemu 63 za bati na sehemu 37 za risasi kwa uzito, huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya vyote viwili. Tena mchanganyiko huo una tabia nyingine njema: hutoka katika hali ya maji na kuwa mgumu papo hapo. Ule wa 60 kwa 40, ambao ndio uonekanao zaidi madukani, hupitia kwanza hali kama ya uji kwa muda mfupi sana. Kiungo kikitikiswa wakati wa uji huo, lehemu huganda ikiwa na mikunjo midogo ndani yake, ikapoteza mng'ao na nguvu. Mwanafunzi ambaye mkono wake bado watetemeka atafanya vema kutafuta ile ya 63 kwa 37. Asipoipata, 60 kwa 40 yamtosha. Lakini ile ya nusu kwa nusu, au ambayo risasi yake imezidi, ni ya kuungia mabati. Huhitaji joto zaidi ya nyuzi 210 kabla ya kuyeyuka kabisa, na joto hilo la ziada lapitia katika transista.

Unene pia una maana. Waya wa milimita 0.8 wafaa kwa karibu kazi zote za mwanafunzi. Wa milimita 0.5 ni kwa viungo vidogo sana, kama vya vifaa vya siku hizi. Ukiwa mnene kama kijiti cha kiberiti, humwaga lehemu nyingi kabla mtu hajawahi kuuondoa, ikaunganisha vijia viwili visivyo jirani wa heri.

Yapasa kusemwa pia kwamba maandishi ya kwenye kigurudumu cha lehemu si kiapo. Risasi ni rahisi kuliko bati, na kuna lehemu ziuzwazo kwa jina la 60 kwa 40 ambazo bati yake ni haba. Wazee wa kazi ya mabomba walikuwa wakikunja mche wa lehemu karibu na sikio, kwa kuwa bati ikikunjwa hulia kwa sauti kama ya mchakacho, na risasi hunyamaza. Kwa waya mwembamba sauti hiyo ni vigumu kuisikia, lakini ziko dalili nyingine. Lehemu yenye risasi nyingi huchelewa kuyeyuka, huganda kwa rangi ya kijivu isiyong'aa hata mkono ukiwa umetulia, na huacha alama nyeusi kama ya penseli ikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe. Njia iliyo salama zaidi ni kununua kipande kifupi kwanza kikajaribiwe, na kununua mahali ambapo mafundi wa redio wenyewe hununua. Mjini Nairobi maduka mengi ya bidhaa hizo yako Luthuli Avenue, na mtu akisimama hapo kwa dakika chache atajua mafundi huingia mlango upi.

Iko na lehemu isiyo na risasi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia risasi katika vyombo vingi vipya vya umeme tangu tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vya Asia vinavyouza huko vikafuata. Mchanganyiko utumikao sana ni wa bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia, nao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Ni mzuri, lakini ni ghali, wataka joto zaidi, na viungo vyake havina mng'ao hata vikiwa vizima, hata mwanafunzi hawezi kutambua kwa macho kama amefaulu. Kwa sababu hiyo wengi huanza na lehemu yenye risasi. Anayefanya hivyo hana budi kujua anachokishika.

Wakazi wa Owino Uhuru, karibu na Mombasa, walijifunza habari za risasi kwa njia ya uchungu. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilijengwa ubavuni mwa kijiji chao, na risasi ikaingia katika miili ya watu, watoto wakiwamo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mnamo Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Gramu chache za lehemu mezani si kiwanda, wala haifai kumtisha mtu kwa mfano huo kupita kiasi. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakina madhara, na mtoto mdogo huumia kwa kiasi kilicho kidogo kabisa, hasa akili yake.

Kwa joto la chuma cha kulehemu risasi haigeuki kuwa moshi. Njia yake ya kuingilia ni mkono na kinywa. Mafundi wengi hushika waya wa lehemu kwa meno wakati mikono yote miwili ina kazi. Desturi hiyo ni mbaya kuliko zote. Wengine hufanyia kazi juu ya meza ile ile ambayo chakula cha jioni kitaandaliwa, au juu ya mkeka ambao mtoto atambaapo atakuta vijipande vinavyong'aa na kuvipeleka kinywani, kama watoto wafanyavyo. Meza ya kazi iwe ni ya kazi. Vijipande vifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa kufagia kukavu kunakorusha vumbi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au sigara au mtoto. Moshi wa ulimbo nao, ijapokuwa hauna risasi, huwasha kifua, na mwenye ugonjwa wa pumu atausikia mapema. Dirisha lililo wazi latosha kwa kazi ndogo, maadamu mtu hainamishi uso juu ya moshi.

Sasa kuhusu chuma. Jambo linalowapoteza wanunuzi ni hesabu ya wati. Mtu huambiwa kwamba chuma cha wati nyingi ni cha moto zaidi na kitaunguza vipande, akachagua cha wati 25 kwa kuogopa. Lakini wati si joto. Ni wingi wa nguvu zinazoingia. Chuma cha bei rahisi kisicho na kidhibiti joto hupokea nguvu zake bila ya kukoma. Kikiwekwa tu juu ya kishikio chake huzidi kupata moto, na ncha yake yaweza kupita nyuzi 400. Mwenyewe anapokigusisha kwenye kijiduara chembamba cha shaba, ulimbo huungua kabla haujafanya kazi, na gundi iliyoishikisha shaba kwenye kibao huachia, kijiduara kikabanduka kama ganda la kidonda. Dakika moja baadaye hukigusisha chuma hicho hicho kwenye bamba nene la betri. Bamba hunyonya joto lote mara moja, ncha hupoa, na lehemu hukataa kuyeyuka. Basi chuma kimoja kimekuwa cha moto mno na cha baridi mno katika jioni moja.

Chuma cha wati 60 chenye kidhibiti hakifanyi hivyo. Ndani yake kuna kipimo kinachoijua hali ya ncha. Ikifika nyuzi zilizochaguliwa, nguvu hupunguzwa, na ikinyonywa joto, nguvu zote hupelekwa kuirudishia. Mkulima ataelewa haraka. Hicho ni kama jozi ya maksai wenye nguvu na mwendeshaji anayejua kazi. Na kile cha wati 25 kisicho na kidhibiti ni kama ndama aliyeachwa peke yake, ambaye kwenye mteremko hukimbia na kwenye mlima husimama. Kwa lehemu ya risasi kidhibiti huwekwa kwenye nyuzi baina ya 320 na 350, na kwa isiyo na risasi huongezwa kidogo. Chenye kidhibiti chauzwa kwa bei ya juu, hilo ni kweli. Lakini anayeihesabu bei hiyo na ahesabu pia vibao atakavyoviharibu akijifunzia kile kingine.

Asiyeweza kukipata atatumia cha wati 30 au 40 bila ya kidhibiti, na watu wengi wamejifunza hivyo. Atakizima kila anapopumzika, na hatakiacha kikingoja huku akizungumza na mgeni. Zile bastola za kulehemu, zinazopata moto zikibonyezwa kitufe, ni nzito na nguvu zake ni nyingi mno kwa kibao cha redio. Afadhali ziachwe kwa nyaya nene.

Ncha nayo yataka macho. Wanafunzi karibu wote hupenda ncha iliyochongoka kama sindano, kwa kudhani kwamba kiungo kidogo chataka ncha ndogo. Lakini sindano hugusa kwa nukta moja tu, na joto halipiti katika nukta. Ncha iliyo bapa kama patasi, yenye upana wa milimita 2 hivi, hugusa waya na shaba kwa pamoja, na kazi huisha upesi kabla joto halijasafiri mbali. Tena ncha za siku hizi ni shaba iliyovikwa chuma kwa nje. Fundi wa zamani alikuwa akiichonga ncha yake kwa tupa ikiliwa; akiichonga ya leo, huondoa ile ngozi ya chuma, na lehemu huila shaba ya ndani mpaka imekwisha. Ya leo hupanguswa tu kwa sponji yenye maji kidogo au kwa nyuzi za shaba ya manjano. Kabla ya kuzima, hupakwa lehemu mpya na kuachwa na koti hilo, isije ikawa nyeusi na kukataa lehemu siku ya pili. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa kama ncha za akiba za chuma hicho huuzwa. Chuma ambacho ncha yake haipatikani ni cha muda tu.

Umeme wa mtambo katika Kenya ni wa volti 240, na plagi ni ya meno matatu. Chuma chenye meno matatu na waya wa ardhi uliofika mpaka kwenye ncha ni bora kuliko chenye meno mawili, kwa usalama wa mtu na wa vipande pia. Uutazame na ule waya mrefu wa kukiingiza umeme: ukiwa wa plastiki ya kawaida, ncha itautoboa siku moja. Kishikio si anasa. Chuma kilicholazwa juu ya gazeti kimewahi kuunguza zaidi ya gazeti.

Penye betri ya nguvu za jua tu, viko vyuma vya volti 12. Cha wati 60 huvuta ampia 5 kutoka kwenye betri hiyo, kwa hiyo nyaya zisiwe nyembamba. Vipo sasa pia vyuma vidogo vyenye kidhibiti vinavyotumia chaja kubwa za kompyuta. Lakini vile viuzwavyo kwa bei ya soda mbili tatu, vinavyochomekwa katika chaja ya kawaida ya simu ya volti 5, vina wati 8 hivi. Kwa waya wa spika ya sikioni vyaweza kufaa. Kwa bamba la betri la redio havifai kitu.

Aliyekwisha kupata vyombo vyake asianze na redio ya baba mkwe. Aanze na kibao cha redio iliyokufa, na kisiwe cha chombo kitumiacho umeme wa mtambo, kwa sababu kapasita za ndani yake zaweza kuhifadhi umeme wa kutisha hata baada ya plagi kuondolewa. Ncha iguse waya na shaba pamoja, ahesabu moja mpaka mbili, kisha aulete waya wa lehemu kwenye kiungo upande wa pili, wala si juu ya ncha. Lehemu ikienea, auondoe waya, kisha chuma, na asitikise kitu mpaka imeganda. Yote hayo huchukua sekunde tatu hivi. Anayeyeyusha lehemu juu ya ncha na kuibeba mpaka kwenye kiungo hukuta ulimbo umekwisha kuungua njiani.

Kiungo kizuri ni kama kilima kidogo ambacho miteremko yake imebonyea na kuishia taratibu kwenye shaba. Kibaya ni kama tone la maji juu ya jani la nduma: limekaa pale, ni la duara, linang'aa hata, lakini halikulowesha kitu. Tone la namna hiyo ndilo linalongoja kofi.

Katika redio ile ya nyumbani, mahali pa kutazama kwanza ni pale panaposukumwa kwa mkono kila siku: mabamba ya betri, tundu la spika ya sikioni, kirungu cha sauti, na shina la eriali. Betri zitolewe, kifuniko kifunguliwe, na viungo vya sehemu hizo vitazamwe mchana penye mwanga, kila kimoja kikisukumwa polepole kwa kijiti kikavu. Kinachocheza, au chenye mstari mwembamba mweusi uliokizunguka kama pete, kiyeyushwe upya na kuongezewa lehemu mpya kidogo ili kipate ulimbo. Kisha betri zirudishwe, redio iwekwe juu ya meza, na mtu apige meza ngumi wakati wa taarifa ya habari. Ikiwa sauti haikukatika, mlango na ufungwe; ikiwa imekatika, kimebaki kiungo kingine.